Baba, Siku Ile Nilinyamaza Tu

Igawa, Mbarali
Jumapili mchana

Baba yangu mpendwa,

Assalaam alaykum warahmatullah, na shikamoo nyingi kutoka huku bondeni Usangu. Naamini barua hii imekukuta barazani kwenye cherehani yako, miwani imeshuka puani, na chai ya tangawizi imepoa pembeni kwa sababu umeisahau tena. Presha inaendeleaje? Dawa unameza mwenyewe, au mama bado anakufuata nazo nyuma na kikombe cha maji? Na goti la mama, baridi la Iringa mwezi huu linalifanyaje? Mwambie avae ile soksi ndefu niliyomtumia, asiitunze kabatini. Mimi mwili wangu mzima. Nakula, nalala, naenda kazini. Lakini amani sina, baba, sitaki kukudanganya, na sababu ya kukosa amani ndiyo iliyonikalisha hapa na kalamu.

Najua umeshangaa kupokea karatasi. Mtu ana simu, na wiki hii peke yake tumeongea mara tatu. Ndiyo, lakini kwenye simu najijua. Mara ya kwanza nilitaka kukuambia nikaishia kukuuliza habari za baridi. Mara ya pili nikakuuliza kama yule paka wa jirani amerudi. Mara ya tatu sikuuliza kitu, nikasema nimebonyeza namba yako kwa bahati mbaya. Paka mwenyewe hata simpendi. Basi nimeona niandike, maana mkono wangu hauna haya kama ulimi wangu. Barua anakuja nayo Mama Ashura, jirani yangu hapa, anasafiri kesho na basi la asubuhi kuja kumuuguza dada yake Kihesa. Nimemsihi aitie mkononi mwako wewe, asimpe Shangazi Mwajuma hata akimwambia wewe umelala. Tafadhali isome peke yako kwanza.

Nitaanza na habari za mpunga, kwa sababu ndizo ninazoweza kuanza nazo. Univumilie. Nitafika.

Nilikwambia kwamba kazi yangu hapa kwenye mashine ya kukoboa ni kupokea mzigo, lakini sikukueleza napokeaje. Watu wanaleta mpunga kwa trekta, kwa mikokoteni ya ng'ombe, wengine kwa pikipiki, gunia moja limelazwa nyuma kama mgonjwa. Mimi nasimama mlangoni. Natia mkono kwenye gunia, natoa punje chache, nazing'ata moja moja. Usicheke, baba, ndiyo kazi niliyoisomea cheti miaka miwili. Punje ikipasuka kwa sauti kavu, mpunga umekauka, unaingia. Ikibonyea menoni, bado mbichi, inabidi ukaanikwe tena. Ukiuingiza mbichi mashine inauponda, unategemea mchele unapata chenga, punje zilizokatikakatika. Hakuna dawa baada ya hapo. Kwa hiyo neno langu pale mlangoni ni dogo lakini linasubiriwa: ndiyo, au bado.

Sasa wewe unanijua. Unamjua mwanao na hilo neno la pili.

Msimamizi wetu anaitwa Mama Tumaini, Mnyakyusa wa Tukuyu, mtu mzima anayelingana na mama kwa umri. Huyu kila kitu anasema usoni. Siku yangu ya kwanza alinitazama juu hadi chini akasema mtandio wangu umechakaa na sauti yangu haisikiki, kesho nije na vyote viwili vipya. Nililia chooni. Nikajua amenichukia, nikaanza kuhesabu siku za kufukuzwa. Mchana akaniita tule, akanisogezea bakuli lake la ndizi, akachagua zile zilizoiva vizuri akaniwekea upande wangu. Wiki nzima nilikuwa nautafuta mtego ulipo. Haukuwepo. Hapa ukikosea unaambiwa umekosea, mnabishana, yanaisha, mnakula. Mimi nimetoka kwenye nyumba ambayo mama akikasirika anaosha vyombo vilivyokwisha oshwa, na sote tunaelewa, na wewe unaingia na kuuliza kwa upole kama kuna haja ya kuongeza maji kwenye ndoo. Nilidhani dunia nzima inaongea hivyo.

Halafu kuna Wasukuma wa huku bondeni. Hawa nao wana yao. Walihamia na ng'ombe zao kutoka kaskazini miaka mingi iliyopita, wanalima mpunga mpaka macho hayafiki mwisho. Mmoja wao ni Mzee Masanja, mvi tupu, kofia ya sufu hata jua likiwa kali. Ukimsalimia utajibu habari za nyumbani, za ng'ombe, za kazi, za wazazi, kisha za ng'ombe tena ingawa umeshamwambia huna ng'ombe. Anacheka kwa sauti, anakuuliza mbele ya watu kwa nini umekonda. Mwanzoni nilimkimbia. Baadaye nikamzoea, akawa ananiita mwanangu na mimi namwita baba.

Miezi miwili iliyopita Mzee Masanja alileta magunia sita. Alikuwa na harusi ya mtoto wake wa kiume, wakwe wanakuja kutoka mbali, na wali wa wageni ndio huo. Akasimama pembeni yangu, akauliza, unafaa? Nikang'ata. Ukabonyea. Nikang'ata wa gunia la pili, la tatu, ni vilevile. Baba, nilifanya kile ninachofanya nyumbani. Niliinamisha macho, nikafumba ngumi na zile punje ndani, nikarudi nyuma hatua moja. Ungekuwa wewe, au mama, mngeshajua. Zulfa karudi nyuma, kuna jambo. Mzee Masanja alisubiri kidogo, akaona sina neno, akasema haya, akawaita vijana wamimine.

Nilisimama nikiangalia. Gunia la kwanza, la pili. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Nikawa najiambia, mimi ni nani wa kumwambia mzee wa mvi, mbele ya watu, kwamba mzigo wake bado? Nilimhurumia aibu yake. Mpaka gunia la sita nilikuwa bado namheshimu.

Zilitoka chenga tupu. Alikinga kiganja chini ya mdomo wa mashine, akazitazama muda mrefu, yule mtu wa kucheka. Kisha akanigeukia na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, ulipong'ata, ulijua?"

Nikanyamaza. Na kunyamaza huko kwa pili alikuelewa vizuri sana.

"Ungeniambia hapana, ningeanika siku mbili," akasema. "Siku mbili tu. Turubai ninalo."

Akapakia chenga zake akaondoka. Afadhali angenitukana. Wakwe zake walikula chenga, baba, watu waliotoka mbali, na kila nikipika wali mpaka leo namuona akikinga kile kiganja.

Mama Tumaini aliniita stoo. Nilijua leo ndiyo leo, nikaanza kufungua kitambulisho shingoni nimkabidhi. Hakukitaka. Aliniuliza kwa nini. Nikamwambia nilimheshimu mzee. Akaniambia, "Heshima gani hiyo inayomwaibisha mtu mbele ya wakwe zake?" Nikakifunga tena kitambulisho shingoni, nikarudi mlangoni.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya kufungua lango, ananiingiza stoo na kunisimamisha mbele ya magunia niyaambie. Naliambia gunia, hapana, haujakauka. Yeye amekaa juu ya kiti anakula karanga, anasema sijasikia. Nasema tena. Anasema hapo umeomba samahani, gunia halijakukosea wala wewe hujalikosea, sema halafu nyamaza. Shida yangu kubwa ilikuwa kunyamaza baada ya kusema, maana nikishasema hapana nataka kuifunika na maneno kumi, samahani, naomba unisamehe, labda mimi ndiye sijui, pengine meno yangu. Wabeba mizigo walikuwa wanachungulia dirishani na kunijibu kwa niaba ya gunia. Ilikuwa aibu, lakini aibu ya kucheka.

Sasa nafika, baba.

Ijumaa ya juma lililopita, baada ya swala, ulinipigia. Nilikuwa nimekaa kwenye kivuli cha ukuta wa mashine. Ulianza na salamu, ukaniuliza hali, na nyuma yako nilisikia cherehani inakwenda, nikajua mdogo wangu Idrisa anamalizia kazi uliyomwachia. Kisha ukamwambia asimamishe. Cherehani ikasimama. Ukasema wamekuja watu kutoka Nyololo, wazee watatu, kwa ajili ya Hamidu, yule kijana wa duka la vipuri vya pikipiki, mtoto wa rafiki yako mliyesoma naye madrasa. Ukasema ni watu wema, umewajua miaka yote. Ukasema, "Mwanangu, mimi ni baba yako lakini sikuozi bila kukuuliza. Unasemaje?"

Uliniuliza vizuri, baba. Nataka uyaone haya maandishi vizuri: uliniuliza kama inavyotakiwa, hukunilazimisha, na mimi ndiye niliyenyamaza.

Nilikuwa natafuta pumzi. Nilikuwa nataka kusema, baba, naomba nifikiri. Hayo tu. Wala halikuwa neno kubwa. Kisha nikasikia simu inanyang'anywa na Shangazi Mwajuma anasema, "Amenyamaza! Mtoto ameona haya, ameridhia!" Akapiga kigelegele, baba, mpaka sikio liliniuma, na wanawake wengine nao wakaitikia, sijui walitoka wapi. Nikasema shangazi. Nikasema tena shangazi. Katikati ya vile vigelegele nikakusikia wewe kwa mbali unasema alhamdulillah, polepole, kama mtu aliyetua mzigo. Nikakata simu.

Juzi nilipika ugali bila kuweka chumvi kwenye mboga, nikala wote, sikugundua mpaka nilipomaliza. Idrisa amenitumia picha ya kitenge cha sare, kijani chenye maua, anasema shangazi ameshagawa kwa ndugu wote. Kila picha ikiingia kwenye simu naigeuza kifudifudi. Na Hamidu mwenyewe alinipigia Jumatatu. Aliongea kuanzia naanika nguo mpaka nazianua. Aliongea habari za duka, za nyumba anayopaua, za rangi ya milango, za kwamba nikishaolewa sitahitaji kazi ya kung'ata mpunga wa watu. Mimi nilisema "ee" mara nne, labda tano. Mwishoni akasema amefurahi sana kwamba tumezungumza. Tumezungumza! Baba, nilikaa na ile nguo mkononi sijui nicheke au nilie.

Si mtu mbaya. Nakuambia hilo mwenyewe kabla hujaniambia. Adabu anayo, swala anayo, na sauti yake si ya kutisha.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini nyumbani kunyamaza kwangu hakukuwahi kunitia matatani. Nadhani ni kwa sababu nyumbani mlikuwa mnaniona. Nikinyamaza nikiinama, mama anajua. Nikinyamaza na kuanza kufagia pale palipofagiliwa, wewe unajua. Nyie wawili mnajua kunyamaza kwangu kwa aina zake zote. Lakini kwenye simu hakuna uso, hakuna ufagio, kuna kimya kitupu tu, na kila mtu anakijaza anachotaka. Mzee Masanja alikijaza mpunga mkavu. Shangazi alikijaza harusi.

Najua tulichofundishwa madrasa, kwamba mwali akiulizwa akanyamaza kwa haya, huko ndiko kuridhia kwake. Shangazi hakukosea kwa hilo na sitaki agombezwe. Lakini tulifundishwa pia kwamba mwali akisema hapana, halazimishwi, na ni wewe uliyenisikiliza nikilisoma somo hilo usiku ule kabla ya mtihani, na kunikosoa matamshi. Kimya changu siku ile hakikuwa cha haya. Kilikuwa cha woga. Kwa nje vinafanana sana, nalijua hilo, ndiyo maana naandika.

Hata hivyo pengine nisingeandika. Lakini Jumanne Mzee Masanja amerudi.

Nilimwona anashuka kwenye mkokoteni nikatamani kujificha nyuma ya pumba. Alinisalimia kama siku zote, mwangaluka yao ya Kisukuma, nyumbani, kazi, ng'ombe, kana kwamba hakuna kilichotokea. Alileta magunia manne. Akasimama pembeni yangu palepale. Nikang'ata, na wallahi baba, ukabonyea. Nilihisi kama ninajaribiwa. Mama Tumaini alikuwa kule kwenye mashine, ametugeuzia mgongo kwa makusudi, namjua. Nikasema hapana kwa sauti ya mbu, mzee akatega sikio. Nikasema tena, "Hapana, baba. Haujakauka. Siku mbili." Halafu nikanyamaza, na kunyamaza kule kulikuwa kugumu kuliko kusema.

Alinitazama. Kisha akacheka mpaka kofia ikamtoka, akaita waliokuja naye walete turubai. Siku mbili alikaa pale uwanjani akigeuza mpunga wake kwa miguu, na kila nikipita ananiuliza, bado? Nasema bado, baba. Anasema sawa. Alhamisi asubuhi nikang'ata ukapasuka, na mchele uliotoka ni mrefu, mweupe, punje nzima nzima. Jana ameniletea kibuyu cha maziwa mgando. Nilikunywa nikilia, Mama Tumaini akaniuliza kama yamechacha.

Nilipokuwa nakunywa nikapata wazo moja nililobaki nalo mpaka leo. Wazee wa Nyololo wanaleta mahari Jumamosi hii. Leo ni Jumapili. Mahari haijapokelewa. Bado siku zipo. Nikisema leo, watu watakasirika, watarudisha sare kabatini, yatasemwa msikitini wiki mbili tatu. Nikisema baada ya Jumamosi, au nisiposema kabisa, hakuna turubai la kuanika tena.

Kwa hiyo nasema.

Baba, sitaki kuolewa na Hamidu.

Hapo chini nilikuwa nimeandika sababu nne. Nimezifuta, ndiyo maana karatasi imechakaa mahali hapo. Moja ilikuwa ya uongo, mbili zilikuwa za kumpaka Hamidu matope bure, na ya nne ilikuwa samahani ndefu. Simtaki tu, na ningependa kuendelea na kazi yangu hii ambayo naanza kuiweza. Kuolewa sijakataa. Siku akija mtu anayeniuliza jambo halafu akasubiri jibu langu, utaniuliza na nitakujibu kwa sauti.

Sasa ninaogopa. Naogopa presha yako kuliko kitu chochote. Naogopa utakavyoingia msikitini Ijumaa na kumkuta rafiki yako, mliyefundishwa alifu pamoja. Naogopa utasema Igawa imeniharibu, kwamba nimejifunza kwa watu wa barabarani kujibu wazazi. Nimeyafikiria yote hayo, mengine nimeyafikiria mara mbili mbili nikiwa nang'ata mpunga, mpaka juzi nilisahau nikameza. Waambie wazee wa Nyololo kosa ni langu. Waambie binti aliulizwa akanyamaza kwa woga na sisi tukadhani ni haya. Na sitakuachia aibu hiyo uibebe peke yako. Nimeomba ruhusa ya siku tatu, Mama Tumaini amenipa, alisema niende na sauti. Alhamisi nitapanda basi. Ukitaka niwaambie mwenyewe mbele yako, nitakaa kwenye mkeka na kuwaambia. Nitatetemeka, lakini nitawaambia.

Kuna jambo jingine, na hili silo la Hamidu.

Siku naondoka kuja huku, ulinisindikiza stendi. Ulinibebea begi, ukanitafutia siti ya dirishani, ukaninunulia maji. Nikakuuliza, baba, una radhi niende? Ukanyamaza. Ukanirekebisha mtandio begani, kama unavyorekebisha kanzu ya mteja, ukashuka kwenye basi. Nikajiambia, ameridhia. Njia nzima mpaka Makambako nilijiambia hivyo, nikafurahi, nikala mahindi ya kuchoma. Wiki hii ndiyo imenijia kwamba sijui. Miezi minane nimeishi juu ya kimya chako kama Shangazi alivyokichukua changu. Huenda ulikuwa unataka kusema usiende, na basi likapiga honi.

Kama ndivyo, niambie. Sitakasirika, wala siahidi kwamba nitarudi. Ila nataka kujua ulichokuwa nacho mdomoni siku ile.

Msalimie sana mama, mwambie goti lake nimeliombea dua, na akianza kuosha vyombo visafi baada ya kusikia habari hizi, mwache aoshe, akimaliza atazungumza. Msalimie Idrisa, fundi wako msaidizi, asinitumie picha nyingine. Bibi mzaa mama mbusie mikono kwa niaba yangu, na kama hasikii vizuri usimpigie kelele habari hii, majirani watasikia kabla yake. Shangazi Mwajuma, dada yako mpenzi wa sherehe, msalimie pia, mwambie kitenge ni kizuri, nitashona gauni la kawaida. Jirani wa paka naye salamu.

Mama Ashura atafika kwako Jumatatu jioni au Jumanne asubuhi. Ukimaliza kusoma, nipigie. Mwambie Idrisa asimamishe cherehani, na simu asipewe mtu mwingine. Mimi nitakuambia hapana yangu kwa mdomo wangu, na wewe utaniambia ya stendi. Nikinyamaza kidogo usikate, wala usiseme alhamdulillah. Nisubiri tu, baba. Natafuta pumzi.

Mwanao anayekupenda na anayekuogopa,

Zulfa